Nani Kasema Tanga ni la Matajiri?

Taja mbele ya watu wa Tukuyu habari ya kusafiri kwa mashua ndogo ya tanga, kwa raha tu, ukilala ufukweni na kuendelea kesho yake, na jibu litakuja kabla hujamaliza: hayo ni mambo ya Wazungu na wenye hela. Mwalimu atasema hivyo, mkulima wa chai wa Katumba atasema hivyo, kijana wa bodaboda pale stendi atasema hivyo, tena kwa uhakika wa mtu aliyekaa chini akapiga hesabu. Hakuna aliyeipiga. Ni imani ya kurithi, na naisema wazi kuwa ni imani mbovu, kwa sababu imetunyang'anya Ziwa Nyasa lililo mlangoni petu.

Chanzo chake si kigumu kukijua. Klabu za mashua za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilianza enzi ya ukoloni, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo akiwa mtumishi. Baadaye ikaja runinga na yoti zake nyeupe zenye vitanda na majokofu. Tukaona chombo cha tajiri, tukadhani upepo nao unauzwa. Lakini katika pwani hiyohiyo mvuvi wa Bagamoyo au Mafia anatweka tanga la kuungaunga kila alfajiri, na huyo tunamwita maskini. Mgeni akilipa fedha nyingi kuja kushindana kwa ngalawa ileile kati ya Mafia, Kilwa na Unguja, tunaiita anasa. Tanga ni lilelile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni mtu aliyeshika usukani, na sisi tumekubali kupima raha kwa sura ya mtu huyo.

Tuzungumze fedha, maana hapo ndipo imani hii inapojificha. Kinachoila pesa katika chombo ni ukubwa na injini. Ukizidisha mara mbili urefu, upana na kina cha mashua, ujazo wake unakuwa mara nane, na mbao, rangi, kamba, nanga na mikono ya kuivuta nchi kavu navyo vinaongezeka. Kwa hiyo kila futi unayoipunguza inarudisha fedha mfukoni. Injini nayo ina mafuta, plagi, vipuri na fundi. Tanga lina sindano na uzi.

Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, alipewa mashua iliyooza ikiwa imetelekezwa shambani. Aliijenga upya kwa mikono yake kwa miezi 13, na vifaa vyote vikamgharimu dola 553 na senti 62. Mwaka 1965 Robert Manry, mhariri wa gazeti la Cleveland, aliivuka Atlantiki kwa mashua ya futi 13 na nusu kwa siku 78. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza, mwaka 1963. Gazeti la Daily Mirror lilileta mashua ya kujiundia nyumbani, vipande vya plaiwudi vinavyoshonwa kwa waya wa shaba na kuzibwa kwa gundi, kwa pauni 63 na shilingi 11. Ilikusudiwa wafanyakazi wa kawaida, watu wa viwandani na maofisini, na zaidi ya 70,000 zimeundwa. Nchi iliyotuachia klabu za mabwana ilikuwa yenyewe imeshaivunja kwao imani tunayoing'ang'ania huku.

Sasa turudi kwetu Rungwe. Seremala anayeunda milango na makabati hapa Tukuyu hashindwi kuunda mashua ya futi 12. Mianzi ya mlingoti na foromali tunayo, turubai la kushonea tanga linauzwa dukani. Ukianza na mtumbwi wa kuchonga ni nafuu zaidi, mradi uuongezee matengo na mirengu ya pembeni kama ngalawa, kwa sababu mtumbwi mwembamba ukitwekwa tanga bila matengo utapinduka. Usiseme hela hakuna. Wanaosema hivyo ndio haohao wanaonunua pikipiki mpya kwa mamilioni, na ni sisi hawahawa tunaokaa vikao kwa miezi kuchangishana kwa ajili ya sendofu ya usiku mmoja. Siwakatazi sherehe. Nawakatalia kusema kwamba mbao, turubai na kamba vinatushinda.

Wapo wanaojitetea kwa milima: sisi ni watu wa migomba na viazi, maji si yetu. Hao wajue kwamba boma la Wajerumani la Langenburg lilikuwa kando ya Ziwa Nyasa kabla ya utawala kuhamia huku juu, na ndiyo maana Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Mji wetu umezaliwa na ufukwe. Matanga nayo si mageni huko. Katika karne ya 19 Majumbe, watawala wa Nkhotakota ng'ambo ya ziwa, walivuka ziwa hilo kwa majahazi, kwa biashara ya pembe na, kwa aibu ya historia, ya watumwa. Hadi leo akina mama wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo, karibu na Matema, na vingine huishia katika majiko yetu huku mlimani. Chungu kimesafiri ziwani, mpishi wake hajawahi.

Hofu ya kuzama ni hoja ya kweli na naiheshimu. Hata hivyo, ajali zilizoiliza sana nchi hii, MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018, zilikuwa za vyombo vya injini vilivyopakia kupita kiasi. Mashua yenye watu wawili, kila mmoja na jaketi la kuokolea mwilini, ikiambaa na ufuko, ni jambo jingine kabisa, hasa ikiwa imekaguliwa na kusajiliwa. Ziwa lina masharti yake. Upepo wa mwera unaovuma kutoka kusini kati ya Mei na Agosti unasukuma mawimbi kwa mamia ya kilomita hadi yavunjikie Matema. Siku hizo chombo kikae mchangani. Subiri kuelekea Septemba na Oktoba. Epuka midomo ya mito, kuna mamba. Muulize mvuvi kabla ya kutweka, na akikuambia leo hapana, iwe hapana.

Unachokipata ni kikubwa. Kutoka Matema kwenda kusini, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, na vijiji vingi vya mwambao huo kwa miaka mingi vimefikiwa kwa maji au kwa miguu. Ikombe, Lumbila, Makonde, Lupingu: hiyo ni safari ya siku kadhaa kwa mwendo wa taratibu. Unaingia kijijini, unamsalimu mwenyekiti, unaomba mahali pa kulala, unalitandaza tanga juu ya foromali likawa hema. Chakula ni mchele wa Kyela na mbasa aliyevuliwa asubuhi hiyo. Hoteli gani itakupa hayo, na kwa bei gani? Tena hukulipa kiingilio popote. Fedha uliyoitumia imebaki kwa mvuvi na mama ntilie wa mwambao.

Mbali na imani hiyo, kinachotukosesha ziwa ni kutojua kuogelea, na hapo namkataa hata Slocum, ambaye aliizunguka dunia bila kujua. Halmashauri zetu zinapenda kuzungumzia utalii kwa kuhesabu hoteli na wageni watakaokuja. Zianze na watoto wetu. Ziwa Masoko haliko mbali na Tukuyu, halina mawimbi ya Nyasa, na linatosha kufundishia kuogelea na kushika usukani, ingawa upepo wake hugeukageuka kwa sababu ya kuta za kreta inayolizunguka. Zinatosha mashua tatu za plaiwudi zilizoundwa na wanafunzi wa ufundi wa hapahapa, majaketi, na nahodha mmoja aliyekulia Ikombe, alipwe mshahara wa mwalimu kama mwalimu mwingine yeyote. Bajeti ya hayo iwekwe mezani katika kikao kijacho cha madiwani, na anayesema ni ya matajiri aisome tarakimu kwa tarakimu mbele ya wenzake.