Bidoni Ikipasuka, Tusiizibe kwa Sabuni



Tunaomba nafasi kidogo ya kusema juu ya bidoni. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanapanda kutoka mtoni na bidoni ya litre 20. Maji yale peke yake ni kilo 20. Bidoni ikivuja, mtoto anafika na nusu, nguo zote zimelowa, na anarudishwa tena mtoni. Kengele inalia yeye yuko njiani. Je, hiyo ni haki?

Na sisi wakubwa tunafanya nini? Tunapaka kipande cha sabuni, basi. Kisha siku mbili sabuni imeyeyuka. Wengine wanaleta gundi ya dukani, nayo inabanduka. Si kosa la muuza duka. Bidoni ya manjano ni ya plastiki inayoitwa polietileni. Tazama chini yake, mara nyingi utaona pembetatu na namba 2. Plastiki ile iko na utelezi, gundi haipati mahali pa kuuma. Polistireni ya vitu vya mchezo, hiyo inakubali dawa, inayeyuka kingo zote mbili na kuwa kitu kimoja. Polietileni inataka moto.

Hata bidoni mpya ni kitu kilichoungwa. Mstari ule unaoizunguka unaonyesha mahali nusu mbili za chuma cha kuumbia zilikutana kiwandani, na pale chini plastiki ilibanwa ingali laini ikajifunga yenyewe. Ufa unapenda kuanzia pale.

Sasa, namna ya kuziba vizuri. Osha, kausha kabisa. Toboa tundu dogo kwa msumari wa moto kwenye mwisho wa ufa, ili usiendelee kukimbia. Kata kipande chembamba katika bidoni iliyokufa, ya namba ileile. Pasha kisu cha zamani juu ya mbabula, yeyusha kingo pamoja na kipande mpaka vichanganyike ndani, si kupaka juu tu kama siagi. Plastiki ikitoa moshi, kisu kimepita kiasi: polietileni inayeyuka karibu na digri 130. Acha ipoe polepole, usimwage maji. Halafu ijaze, ilale usiku kucha mahali pakavu. Asubuhi chini kukiwa na unyevu, rudia.

Bidoni iliyopaushwa na jua miaka mingi, ile haitengenezeki, itapasuka kando. Na iliyobeba esansi tusiitie moto hata siku moja, mvuke wake unalipuka! Wala haifai kwa maji ya kunywa.

Wengine watasema, wazazi wanunue mpya. Wazazi gani? Wale wale wanaohangaika na minervali?

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe: siku ya kazi za mikono, Jumamosi, atupatie mbabula moja na makala kidogo, nje, penye upepo, na mwalimu mmoja wa kutuangalia. Visu tutaleta. Bidoni zilizokufa zimejaa nyuma ya jiko.