Baridi Yabisi: Jina Moja, Maradhi Matatu

Aghalabu Kiswahili hulaumiwa kwa kupungukiwa na istilahi. Makala haya yanadai kwamba kuna hatari nyingine: neno moja kubebeshwa maana nyingi mno. Neno lenyewe ni baridi yabisi.

Mkulima wa Matulo, Bungoma, anayeumwa magoti baada ya miaka 40 ya kuinamia jembe, huambiwa ana baridi yabisi. Huambiwa vivyo hivyo yule ambaye kinga ya mwili wake inavishambulia viungo vyake, na pia mwenye jongo, linaloletwa na chembe za asidi ya yuriki. Ugonjwa wa mkulima ni osteoathritisi: gegedu linalokinga ncha za mifupa limelika. Maradhi ni matatu na tiba zake si moja. Hata hivyo, anayeuza chupa yenye maandishi ya Kichina hahitaji kuyapambanua; neno letu limekwisha kumfanyia kazi.

Sikusudii kuibeza tiba ya Wachina. Mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobeli kwa dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa tiba yao ya kale, nasi twanufaika nayo. Vilevile, mmea wa Stephania tetrandra, unaotumiwa China kutuliza maumivu ya viungo, una kemikali ya tetrandrini ambayo watafiti wameijaribu maabarani dhidi ya kuharibika kwa gegedu. Lakini tumaini la maabara si tiba bado. Tena mmea huo huitwa fangji, jina ambalo hupewa pia mmea wa jamii ya Aristolochia wenye sumu ya figo. Mapema miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa huu badala ya ule, wakaharibikiwa na figo. Mkanganyiko ulianzia kwenye jina.

Wapo watakaosema baridi yabisi ni neno la umma, lisiguswe. Naam, na libaki, ila liwe jina la jumla lenye matawi yaliyo wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika kuhusu bidhaa. Habari zisizosomeka si habari. Basi wanafunzi wenzangu, tudai lebo za Kiswahili, na istilahi tunazozijadili madarasani tuzifikishe redioni na zahanatini.