Bega la Mgeni, Sikio la Baba Mdogo

Wiki mbili hizi nilikuwa nyumbani Mpanda. Jioni ya kwanza nikamkuta baba mdogo kakaa barazani, redio kaifungulia mpaka mwisho, mtaa mzima unapata taarifa ya habari bure. Nikamwamkia: shikamoo baba. Kimya. Nikarudia kwa sauti ya muuza nyanya, ndipo akageuka. "Marahaba mwanangu, umefika saa ngapi?"

Baba mdogo alikuwa msoma nyayo miaka mingi kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii huku kwetu. Nilidhani ni uzee. Akacheka. "Uzee gani? Masikio yangu yaliondoka na zile bunduki zenye matundu mdomoni."

Hayo matundu ndiyo hoja yangu ya leo. Mwenye bunduki ya kuwindia ana mambo matatu anayoweza kufunga kwenye mdomo wa mtutu: breki, kificha mwali na kiwambo cha kuzuia sauti. Wauzaji wanayasifia yote. Mimi nauliza swali moja tu: nani anafaidika na nani analipa?

Tuanze na breki. Kwa nyati, sheria zetu zinadai bunduki kubwa, kuanzia .375. Hiyo inapiga teke la kukufanya umkumbuke mama yako. Breki ina matundu ya pembeni. Gesi inayoifuata risasi inatoka kwa ubavuni na nyuma kidogo badala ya kwenda mbele yote, na hivyo teke linapungua, wakati mwingine kwa theluthi au zaidi. Mgeni anafurahi, bega lake zima.

Lakini gesi ile inakwenda wapi? Inakwenda kwa waliosimama kando: msoma nyayo, mbeba bunduki, askari wa wanyamapori. Wataalamu wa masikio wanasema mshindo wa desibeli 140 unatosha kuharibu sikio kwa mara moja. Bunduki kubwa hupita 160 hata bila breki. Mgeni kavaa vizibo vya masikio, kalipa maelfu ya dola, baada ya wiki tatu anapanda ndege. Baba mdogo alisimama pale pale msimu baada ya msimu, masikio wazi, kwa sababu kazi yake inataka asikie kijiti kikivunjika kwenye miombo. Si ajabu wawindaji bingwa wengi Afrika hawaitaki breki karibu yao.

Kificha mwali sina maneno mengi. Kinatawanya mwanga wa baruti ili mpigaji asipofuke gizani. Kinamfaa mwanajeshi. Kwetu kuwinda usiku kumekatazwa, sasa unaficha mwali wa nini saa nne asubuhi?

Kinabaki kiwambo. Wengi tunakijua kwenye sinema: jambazi anapiga, inalia "fyuu", jirani anaendelea kulala. Uongo mtupu. Kiwambo kina vyumba ndani vinavyopunguza mwendo wa gesi na kuipoza, kinashusha sauti desibeli 20 hadi 35 hivi, na risasi yenyewe bado inapasua hewa kwa sababu inakwenda kasi kuliko sauti. Alichokitengeneza ni Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza Marekani mwaka 1909, mtoto wa yule Maxim wa bombomu. Baba kaleta kelele, mwana kaja kuipunguza! Finland na Norway wawindaji wanavitumia kwa kawaida. Marekani waliviwekea kodi ya dola 200 mwaka 1934, na mwaka 2025 wakapitisha sheria ya kuiondoa kuanzia Januari 2026.

Kwa hesabu ya masikio peke yake, kiwambo kinashinda. Hata teke kinapunguza. Lakini jamani, hapa si Finland. Tembo wetu walishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Askari wa doria porini mara nyingi kengele yake ni mlio wa bunduki: anausikia mbali, anajua aelekee wapi. Ukivizoesha viwambo kwenye vitalu, kesho utamtofautishaje mwenye kibali na jangili?

Kwa hiyo mimi nasema: mtutu uachwe mtupu. Kama teke linakushinda, chukua bunduki yenye kitako kinachokukaa vizuri, fanya mazoezi kabla ya kuja. Breki kama unayo, itumie kwenye uwanja wa shabaha, ifungue kabla ya kuingia porini, na ulenge upya, maana risasi inaweza kuhama. Na kila anayesimama mita chache kutoka kwenye mtutu apewe kinga ya masikio, ikiwezekana ile ya betri inayopitisha sauti ndogo na kuzuia mshindo. Iandikwe kwenye masharti ya vitalu, kama zilivyoandikwa ada za nyara.

Nilimwambia baba mdogo nitaandika hivi. Akanitazama midomo, akauliza, "Utaandika nini?"

Nikarudia kwa sauti kubwa. Jirani ndiye aliyeitikia.

Naomba kutoa hoja.