Chanda Chema Hakikuvikwa Pete

Shuleni tulifundishwa kwamba chanda chema huvikwa pete. Mwalimu alitueleza kuwa mtu mwenye sifa njema hatakosa kutunzwa. Tukaandika maelezo hayo daftarini, tukayajibia mtihani, tukapata alama. Leo niko mwaka wa tatu chuoni hapa Kampala, najifunza Kiswahili, na ninapinga namna tunavyoitumia methali hiyo. Tunaitumia kumnyamazisha msanii anayedai nafasi: tulia, kama kweli u mzuri utaonekana.

Shahidi wangu ni Herbie Nichols, mpiga piano wa jazi. Alizaliwa New York mwaka 1919, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani. Alijifunza piano tangu utotoni, akapitia jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akarudi mjini kutunga muziki usiofanana na wa mtu mwingine. Kwa miaka mingi aliiomba kampuni ya Blue Note imrekodi. Ilimkubali mwaka 1955, naye tayari ana miaka 36. Alirekodi mwaka huo na uliofuata, akiwa na mpiga besi na mpiga ngoma tu, ingawa alitamani pia tarumbeta na ala nyingine za kupuliza. Wapiga ngoma wake walikuwa Art Blakey na Max Roach, na watu wa kiwango hicho hawapewi mwanagenzi. Mwaka 1957 akarekodi santuri moja zaidi katika kampuni nyingine. Hakuongoza tena rekodi. Mwaka 1963 saratani ya damu ilimuua akiwa na miaka 44.

Miaka yote hiyo alikula kwa kupiga muziki wa wengine. Alipiga Dixieland, mtindo wa zamani ambao haukuwa wake, na kusindikiza waimbaji katika vilabu. Tungo zake nyingi zilibaki kwenye karatasi.

Hata hivyo, huenda wewe msomaji unamjua bila kujua. Umewahi kusikia Lady Sings the Blues? Billie Holiday ndiye aliyeandika maneno yake na kuyaimba, na jina hilo likawa jina la kitabu cha maisha yake mwaka 1956, kisha la filamu mwaka 1972. Lakini sauti ya wimbo ni ya Nichols. Wimbo ulizunguka dunia, mtunzi akabaki kupiga vya watu ili alipe kodi ya nyumba.

Wako watakaosema muziki wake ulikuwa mgumu, wasikilizaji hawakuuelewa. Basi na waniambie kuhusu Thelonious Monk, ambaye Nichols aliandika makala ya kumsifu katika miaka ya 1940, wakati wengi walikuwa bado wanamcheka. Muziki wa Monk nao uliitwa mgumu. Mwaka 1957 klabu moja, Five Spot, ilimpa Monk jukwaa usiku baada ya usiku kwa miezi kadhaa, na masikio ya watu yakazoea. Mwaka 1964 picha yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Nichols hakupata klabu kama hiyo. Masikio huzoea kile yanachosikia, na mtu hawezi kupenda asichopigiwa.

Wengine watasema mwishowe alitambuliwa. Kweli, mwaka 1966 A. B. Spellman alimwandika katika kitabu, na baadaye wanamuziki wakaanza kuzipiga tungo zake. Lakini kitabu kilitoka miaka 3 baada ya mazishi. Hiyo ndiyo pete gani, inayovishwa kidole kilichokwisha kuzikwa?

Naandika kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe. Kaka yangu hupiga kinanda harusini. Hupiga nyimbo zinazojulikana, maana ndizo anazolipwa. Za kwake ameziandika katika daftari la kurasa 200. Mwaka jana aliniambia amechoka, anataka kuuza kinanda anunue bodaboda. Nami, msomi wa familia, nikamjibu: “Vumilia tu kaka, chanda chema huvikwa pete.” Alicheka, akanyamaza. Sikuwa nimemwomba anipigie hata wimbo mmoja kutoka katika daftari lile.

Baadaye, darasani, tulipokuwa tukichambua vitenzi, niliona kosa langu. Vaa, vika, vikwa. Methali haisemi kwamba chanda chema hujivika pete. Inasema huvikwa, na katika kauli ya kutendwa yupo mtendaji hata asipotajwa. Wahenga hawakukosea. Sisi ndio tuliomsahau mtendaji, kwa sababu mtendaji ni sisi: mwenye klabu, mtangazaji wa redio, kamati ya harusi, ndugu wa msanii.

Kwa hiyo sikubali tena kumwambia msanii asubiri. Mwenye ukumbi, mpe mpigaji wako nyimbo mbili zake kila usiku, na umlipe kwa hizo pia. Mtangazaji, taja jina la mtunzi. Nami nimeanza kwangu: Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa kaka, nikakaa kitini, nikamwambia afungue daftari ukurasa wa kwanza.

Kinanda bado hakijauzwa.