Manowari Iliyoshindwa Kutoroka na Watu Waliotoroka

Tarehe 11 Julai 1915, katika delta ya mto Rufiji, manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe baada ya kupigwa kwa mizinga ya meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey. Ilikuwa imejificha humo, katikati ya mikoko, tangu mwaka uliotangulia. Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi huko Ulaya kama hadithi ya ushujaa: nahodha Max Looff, adui aliyemzidi nguvu, na subira ya miezi mingi ndani ya joto na mbu. Naomba tukisome upya, kwa swali moja tu: katika kisa hiki, ni nani hasa aliyekuwa akimkimbia mvamizi?

Tuanze na yanayojulikana. Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Vita vilipokaribia ilitoka bandarini tarehe 31 Julai ili isifungiwe humo. Mwezi Agosti iliikamata meli ya mizigo City of Winchester karibu na pwani ya Oman. Tarehe 20 Septemba iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa Zanzibar ikitengenezewa mitambo. Kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika, na makaa ya mawe yakawa haba. Ikaingia Rufiji kujificha. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waliigundua, na mwezi Novemba wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mojawapo ya mikondo ya delta ili kuiziba njia.

Kutoroka kulihitaji mitambo mizima, na karakana ilikuwa Dar es Salaam. Vipande vya chuma vilivyoharibika vikatolewa melini, vikasafirishwa nchi kavu hadi mjini, vikatengenezwa, vikarudishwa Rufiji. Hapa ndipo vitabu vingi husema kwa ufupi kwamba mitambo "ilipelekwa" Dar es Salaam. Kitenzi hicho, katika kauli ya kutendwa, kimemeza watu. Chuma hakina miguu. Kilivutwa na kubebwa na Waafrika, kupita matope, mchanga na pori, kwenda na kurudi. Jina la nahodha tunalo. Majina ya wabebaji hatunayo.

Wala mahali hapo hapakuwa patupu kihistoria. Königsberg ilishushwa majini huko Kiel mwezi Desemba 1905. Mwaka huohuo, katika vilima vya Umatumbi vilivyo kusini tu ya Rufiji, watu walikuwa wameinuka katika Vita vya Maji Maji kuikataa kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Miaka tisa baadaye dola ileile iliyowavunja iliwataka watu wa pwani ya kusini waisaidie meli yake kuokoka. Basi ile haikuwa meli ya mwenyeji inayomkimbia mvamizi. Ilikuwa chombo cha mvamizi mmoja kinachomkimbia mvamizi mwingine, juu ya mabega ya mtu wa tatu.

Msomaji wa Nkoma, au wa kokote katika Simiyu, anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa pwani. Sivyo. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi kwa kazi ya kuchagua tangu karne ya 19, wakipeleka pembe za ndovu Bagamoyo kwa ujira na kwa heshima ya safari. Vita viliigeuza kazi hiyo kuwa amri. Mwezi Julai 1916 Waingereza walipoitwaa Mwanza, walioishi upande huu wa ziwa walibadilishiwa bwana, lakini mzigo ulibaki uleule. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokusanywa katika Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia milioni moja. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, njaa na homa kuliko kwa risasi. Huko Ugogo, nafaka, mifugo na nguvu za vijana vilipokwisha kuchukuliwa na majeshi, ikafuata njaa ya Mtunya.

Tumezoea kusema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Nyasi haziwezi kuondoka; wapagazi waliondoka. Maofisa wa pande zote mbili walilalamika mara kwa mara kwamba wabebaji wao wanatoroka usiku. Katika kumbukumbu zao neno hilo ni kosa. Mimi naliona kuwa uamuzi wa kisiasa. Mtu aliyeuweka mzigo chini na kurudi kwake kulima aliikataa vita isiyo yake, pasipo bendera wala hotuba. Königsberg ilishindwa kutoroka; baadhi ya hao walifaulu. Huo ndio utoroshi unaostahili kufundishwa.

Mizinga ya Königsberg iliopolewa, ikatengenezwa, ikatumika vitani nchi kavu. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Meli ya ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, iliopolewa mwaka 1924 nayo ikaitwa Liemba. Chuma kimehifadhiwa. Hata sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mbebaji amebaki katika jina la soko la Kariakoo, ambalo wengi hulitamka bila kujua lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza.

Nini kifanyike? Kwa wanafunzi: andikeni simulizi za koo zenu sasa. Wajukuu wa kizazi kile ni wazee sana, na kila msiba unaondoka na ukurasa. Kwa maofisa utamaduni wa halmashauri: kazi hii haihitaji jengo, inahitaji daftari, kinasa sauti na utaratibu wa kuhifadhi. Na kwa watumishi wa umma kwa jumla: tazameni taarifa zenu. Fedha hupewa safu yake hadi shilingi ya mwisho, ilhali waliochimba mtaro huandikwa "wananchi walishirikishwa". Kauli hiyo ni ndugu wa ile ya mitambo "iliyopelekwa". Serikali inayojiheshimu humtaja aliyebeba.