MITISHAMBA NA HOSPITALI: TUSIFICHANE



Wako watu wawili wanaotuharibia vita yetu dhidi ya maradhi. Wa kwanza ni yule aliyesoma, akavaa koti jeupe, na kila asikiapo jina la mti hucheka na kusema, "Huo ni ushenzi." Wa pili ni yule asimamaye sokoni na chupa zake, akipiga kelele kwamba dawa yake yaponya kansa, presha na moyo, na kwamba mgonjwa asirudi tena hospitali. Wa kwanza ana kasumba ya kikoloni. Wa pili ni mnyonyaji. Njia zao ni mbili, lakini zote zamfikisha mwananchi kaburini kabla ya siku zake.

Tuanze na huyu wa koti jeupe. Katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858 alikuwamo daktari mmoja Mwingereza, John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja. Mswaki wake uligusana na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipopiga mswaki akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Sumu ile ilipelekwa Edinburgh, Thomas Fraser akaichunguza, ikatoka dawa ya moyo iliyotumika Ulaya miaka mingi. Je, ni nani aliyeujua mti ule kwanza? Si Kirk, bali ni wawindaji wa Afrika.

Tena liko ua dogo, jeupe au la waridi, liotalo mbele ya nyumba nyingi za pwani. Asili yake ni Bukini. Mwaka 1958 wachunguzi wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walitangaza dawa waliyoipata katika majani yake, baada ya kusikia kwamba watu wa Jamaika huyanywa kwa ajili ya kisukari. Kutoka ua hilo hilo ilipatikana pia vinkristini, ambayo hata leo hutibu kansa ya damu ya watoto, na ule uvimbe wa taya uliojulikana duniani kwa kazi ya daktari Denis Burkitt huko Uganda. Basi atakayesema kwamba mti ni ushenzi, na aanze kwa kuitupa nusu ya kabati lake.

Lakini ndugu zangu, je, haya yana maana kwamba tukachume ua lile tuchemshe tunywe? La hasha! Yahitajiwa mamia ya kilo ya majani makavu kupata gramu moja tu ya dawa, nayo hutiwa katika mshipa kwa kipimo, tena kwa uangalifu mkubwa, maana ikizidi au ikikosea njia huua. Kombe nayo ni hivyo hivyo. Kwenye mshale yaua mnyama, kwa kipimo chembamba yasaidia moyo. Tofauti ya dawa na sumu ni kipimo, na kipimo ndicho asichokuwa nacho yule wa sokoni.

Twakumbuka mwaka 2011, pale Samunge, Loliondo, maelfu ya watu walipopanga foleni kwa kikombe cha shilingi 500. Wako waliotoka vitandani hospitalini, na wako waliofia njiani. Sisemi hivi kumdharau mtu. Nasema ili tujue kwamba matumaini yakikosa uchunguzi huuzwa kwa bei ya roho.

Mwaka 2017 na 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza habari ya wagonjwa wa kansa iliyokuwa bado yatibika. Walioacha hospitali wakafuata tiba mbadala peke yake walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu kuliko wenzao. Hata waliochanganya tiba za kando na za hospitali walikufa zaidi, kwa kuwa wengi wao walikataa kupasuliwa, au mionzi, au dawa kali. Hasa kilichowaponza ni kile walichokikataa.

Nitawapa mfano wa nyumbani. Mzee mmoja wa tawi letu ana maradhi ya moyo, na hospitali ilimpa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Naye kila asubuhi alikuwa akinywa kikombe kizito cha kitunguu saumu na tangawizi. Fizi zikaanza kutoka damu, kisha pua. Vitu hivyo vikizidi vyaweza kuongeza kutoka damu kwa mtu atumiaye dawa ile. Nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona hukumwambia daktari?" Akanijibu, "Mwanangu, nilisema mara moja, nikachekwa mbele ya vijana. Sikusema tena." Aliyemwokoa ni binti yake, aliyeichukua chupa ile akaiweka juu ya meza ya daktari mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo na tuongeze: hata mficha dawa.

Sheria tunayo, ile ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Uchunguzi wa dawa zetu ulianza Muhimbili tangu mwaka 1974. Kilichobaki ni sisi wenyewe. Mgonjwa asione haya, ataje kila anachokunywa, hata chai ya choya, ambayo majaribio yameonyesha kwamba hushusha presha kidogo, lakini haishiki nafasi ya vidonge. Daktari aulize kwa heshima, kama amwulizavyo baba yake. Mganga wa kweli, aonapo uvimbe katika titi au mtu anayebanwa kifua, ampeleke hospitali siku ile ile, asingoje miti ishindwe kwanza. Na kila tawi la Chama lifanye mkutano mmoja wa jambo hili, wazee wa miti na wauguzi wakae benchi moja.

Ujinga, maradhi na umaskini ni maadui watatu wanaosaidiana. Dharau na uwongo ndivyo vinavyowafungulia mlango. Tuufunge.

Uhuru na Kazi!