Kikohozi Kilichopotea

Mei 27, 1995, huko Culpeper katika jimbo la Virginia, farasi aligoma kuruka kiunzi. Mpandaji akatupwa mbele, akatua kwa kichwa, na pingili mbili za juu kabisa za shingo zikaumia. Alikuwa Christopher Reeve, mwigizaji aliyejulikana tangu 1978 kama Superman. Kuanzia siku hiyo alipumua kwa mashine, kupitia mpira uliopachikwa kwenye tundu la koo.

Mtu akivunjika shingo, macho ya ndugu huenda miguuni: atatembea tena? Makala haya yanawaomba wasomaji watazame kifuani kwanza.

Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hupokea amri kwa neva zinazochomoza shingoni, karibu na pingili ya 3 hadi ya 5. Jeraha likikaa juu ya hapo, kama la Reeve, mashine haiepukiki. Likiwa chini kidogo, mgonjwa huvuta pumzi mwenyewe, ndugu wanamshukuru Mungu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kuvuta hewa ni kazi moja, kukohoa ni nyingine. Anayetaka kuujua utofauti huo aweke kiganja juu ya kitovu, kisha akohoe. Ule mshtuko unaosukuma mkono ni misuli ya tumbo, na kwa aliyeumia shingo misuli hiyo haipati tena amri.

Makohozi basi hukaa. Yanaganda, yanaziba njia, kipande cha pafu kinasinyaa, na nimonia inapata pa kuanzia. Pafu la kushoto huathirika zaidi, kwa sababu bomba la hewa la upande huo limepinda. Mpira wa kufyonzea ukishushwa huteleza kulia na kuuacha uchafu wa kushoto pale pale. Na kufyonza kwenyewe kuna hatari yake: mpira ukigusa koo la mgonjwa wa namna hii, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, nchi nyingi zilihesabu mashine za kupumulia kama zinavyohesabiwa silaha. Hesabu hiyo haikuwa mbaya, ila ilikuwa pungufu. Mashine husukuma hewa ndani. Kazi ya kutoa makohozi saa tisa usiku inabaki kwa mtu. Wadenmark waliliona hilo mapema: mwaka 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa waliopooza watobolewe koo, na wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana.

Mikono hiyo ingali dawa. Mgonjwa anavuta pumzi, msaidizi anaweka viganja chini ya mbavu, na mgonjwa anapojaribu kukohoa, msaidizi anasukuma ndani na juu kwa pamoja naye. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha mke au kaka wodini, kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwa nini basi familia nyingi huondoka na bahasha ya vidonge tu?

Lipo pia suala la mito. Mgonjwa akihema, watu hukimbilia kumkalisha kwa kumwegemeza kwenye mito, na kwa maradhi mengi hiyo ni busara. Kwa aliyepooza tumbo ni kinyume: akikaa, matumbo huporomoka na kukivuta kiwambo chini, nacho kikikosa pa kushukia hukosa nguvu, ilhali akilala chali hupumua vizuri zaidi. Anapokalishwa, hufungwa mkanda mpana tumboni, mithili ya mzazi anavyofungwa kanga.

Reeve alifariki Oktoba 10, 2004, baada ya moyo kusimama, wakati akitibiwa kidonda cha kulalia kilichoingiwa na vijidudu. Mwaka uliotangulia, madaktari wa Cleveland walikuwa wamempachika nyaya ndogo za umeme kwenye kiwambo, akaweza kupumua bila mashine kwa vipindi. Hewa ikapita tena puani badala ya kwenye tundu la koo, na baada ya miaka karibu minane akanusa harufu.